Kutoka Shingoni mwa Jogoo hadi Mto Gura

Mwaka 1899 msafara wa Mwingereza Ewart Grogan ulifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Grogan, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameanza safari kusini mwa Afrika, akiwa na nia ya kufika Cairo. Alipita Usumbura, kituo cha Wajerumani kilichokuja kuwa jiji la Bujumbura, kisha akafuata bonde la Rusizi kupanda hadi Kivu. Vilima ambavyo leo vimejengwa nyumba za mtaa wa Mutanga Nord vilibaki mkono wake wa kulia.

Miaka sita baadaye mtu huyohuyo alifanya jambo lililoonekana dogo. Mwaka 1905, akiwa mlowezi katika nchi ya Kenya, aliagiza mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika Mto Gura, unaoshuka kwa kasi kutoka milima ya Aberdare. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa aina nyingine, wenye ubavu wa rangi ya upinde wa mvua, waliotoka Afrika Kusini. Hapo ndipo inapoanza historia ya manyoya na ndoana katika Afrika Mashariki.

Grogan hapaswi kutajwa nusunusu. Machi 1907, jijini Nairobi, aliwachapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama, na kwa hilo alihukumiwa kifungo. Mito aliyoijaza samaki wa ugenini ilikuwa katika nchi ya watu haohao. Kwa miongo mingi wenyeji waliozaliwa kandokando ya Gura, Chania, Mathioya, Sagana na Thiba waliwaona trauti kama mali ya wageni, samaki wenye leseni, klabu na walinzi wao. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha kutotolesha trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, na vifaranga vya samaki wakaendelea kupandishwa mitoni na katika maziwa madogo ya Mlima Kenya kama Alice na Rutundu. Mto Suam, katika Mlima Elgon kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, nao ukapata wake.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipita nyuzijoto 20 huanza kutaabika, ndiyo maana hakuna anayemtafuta katika Mto Ntahangwa unapopita Bujumbura, wala katika Tanganyika yenyewe ambako mvuvi anatafuta ndagala na mukeke. Chakula chake kikubwa ni wadudu: wanaoishi chini ya mawe ya mto, wanaopanda juu kujivua gamba, wanaoanguka majini wakisukumwa na upepo. Desturi ya mito ya trauti ya Kenya, iliyotiwa nguvu na kanuni za uvuvi, ilikuwa moja: avuliwe kwa fimbo na nzi bandia. Mnyoo haukutakiwa, wavu haukutakiwa.

Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyovishwa uzi, sufu na manyoya hadi ifanane na mdudu. Ufundi huo una umri mkubwa. Aelian, mwandishi wa Roma aliyeishi karibu mwaka 200 baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua samaki wenye madoa katika mto wao: walifunga sufu nyekundu kwenye ndoana, wakaongeza manyoya mawili yanayoota chini ya ndevu za jogoo, yenye rangi ya nta. Katika maelezo hayo, ambayo ndiyo ya kale kuliko yote yanayojulikana kwa uhakika, unyoya wa jogoo tayari upo. Umekaa hapo karne 18.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Unyoya wa shingoni mwa jogoo aliyekomaa ni mwembamba na una ncha kali, na nyuzi zake za pembeni ni ngumu, zinang'aa, hazishikani. Ukizungushwa kwenye uti wa ndoana, nyuzi hizo husimama kama miguu ya mdudu na kuikalia ngozi ya maji bila kuipasua, hivyo nzi anaelea. Unyoya wa tetea ni laini na hunywa maji, kwa hiyo humfaa nzi wa kuzama. Mfungaji anayechanganya manyoya hayo mawili atauza nzi wanaozama walipotakiwa kuelea, na mnunuzi hatarudi.

Mwanzoni walowezi wa Kenya walikuja na nzi wao kutoka Uingereza. Kisha mikono ya Kenya ikajifunza, na katika karne ya 20 kazi ikageuka: badala ya Kenya kununua, ikauza. Nairobi na miji ya jirani yake ikawa na karakana za ufungaji, nyingi zikiwa na wanawake kwenye meza, na bidhaa ikasafirishwa Uingereza, Skandinavia na Marekani. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill, moja ya majina makubwa ya biashara hii, hufungisha nzi wake katika kiwanda chake Kenya. Wavuvi wa Uskoti au Norway wanaofungua kisanduku cha nzi kando ya mto wao mara nyingi wanashika kazi ya mikono ya Mkenya, ingawa jina lake halimo kwenye kisanduku.

Kazi yenyewe inahitaji macho na subira. Mfungaji hubana ndoana kwenye jiliwa dogo la mezani, huzungusha uzi mwembamba kuanzia karibu na tundu, hufunga mkia, mwili, waya wa kung'arisha, kisha unyoya. Unyoya hushikwa kwa kibanio na kuzungushwa mara chache, kila mzunguko mbele ya uliotangulia. Mwisho ni fundo la kichwa na tone la vanishi. Malipo huhesabiwa kwa dazani, na dazani haikubaliki kama nzi mmoja amezidi wenzake mkia. Zamani katika maduka ya Uingereza nzi wa Kenya alijulikana kwa bei rahisi na wakati mwingine kwa ndoana mbaya. Sifa hiyo ilibadilishwa na wafungaji wenyewe, kwa usawa wa kazi yao, na wanastahili kutajwa kwa hilo zaidi ya wenye majina kwenye vibandiko.

Lakini manyoya yanatoka wapi?

Mtu angetarajia jibu jepesi. Kenya ina kuku kila kijiji. Burundi, Tanzania, Uganda na Congo ni vivyo hivyo. Hata hivyo karakana nyingi zimezoea kufunga nzi wa kuelea kwa manyoya yaliyoagizwa kutoka ng'ambo, hasa Marekani. Unyoya hupanda ndege kuja Afrika, hufungwa kwenye ndoana, hupanda ndege kurudi. Mtu akiona hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hudhani ni dharau kwa kuku wetu. Sehemu yake huenda ikawa mazoea tu. Sehemu kubwa ni uzazi wa kuchagua uliofanywa kwa zaidi ya nusu karne.

Harry Darbee, mfungaji wa milima ya Catskill katika jimbo la New York, alikuwa akifuga majogoo kwa ajili ya manyoya tu. Mayai kutoka kwenye mbegu yake yalimfikia Andy Miner wa Minnesota katika miaka ya 1950, na kutoka kwa Miner mbegu hiyo ikaenea kwa wafugaji wengine, akiwemo Buck Metz wa Pennsylvania aliyeifanya biashara kubwa. Huko Oregon, Henry Hoffman alianza miaka ya 1960 na kuku wa Plymouth Rock, wale wenye mistari myeupe na myeusi, akachagua kizazi baada ya kizazi waliokuwa na nyuzi fupi na unyoya mrefu. Mwaka 1989 Tom Whiting, msomi wa ufugaji wa kuku, alinunua mbegu ya Hoffman na kuanzisha Whiting Farms huko Colorado. Leo unyoya mmoja wa mgongoni wa majogoo hao unaweza kupita sentimita 25 na kutosha nzi kadhaa. Wa jogoo wa kawaida hutosha nzi mmoja, na wakati mwingine inabidi yawe manyoya mawili.

Biashara hiyo nayo ina misukosuko yake. Mwaka 2011 wasusi wa Marekani walianza kufunga manyoya marefu ya jogoo kwenye nywele za wateja, mtindo uliohusishwa na mwimbaji Steven Tyler alipoonekana nao kwenye televisheni. Maduka ya wavuvi yakamalizwa manyoya na wanunuzi wa saluni, bei zikapanda mara nyingi, na wafungaji wakajikuta wakishindania malighafi na mabinti wa shule. Jogoo wa manyoya huchukua karibu mwaka mzima kukomaa, kwa hiyo mfugaji hakuweza kuongeza mzigo haraka. Mtindo ulipita, lakini wote walioishi kwa unyoya wa mbali waliona jinsi kamba yao ilivyo nyembamba.

Kwa ndege wengine, Afrika Mashariki ina historia yake, na si yote ya kufurahisha. Korongo marabou, yule mwenye upara na mfuko shingoni ambaye Waganda humwita kaloli, ana manyoya meupe laini chini ya mkia. Katika karne ya 19 yalitafutwa sana kwa kofia na shali za wanawake wa Ulaya, kisha wafungaji wa nzi wakayapenda kwa sababu ndani ya maji hupumua na kucheza bila kuvutwa. Siku hizi kinachouzwa kwa jina la marabou ni unyoya wa bata mzinga uliotiwa rangi. Nzi mashuhuri aitwaye Woolly Bugger, aliyebuniwa mwaka 1967 na Russell Blessing wa Pennsylvania, ana mkia wa unyoya huo, na huko Kenya hufungwa kwa wingi. Nje, kwenye majalala ya Nairobi na Kampala, makorongo wenyewe wanatembea. Hakuna anayewagusa, na ndivyo inavyotakiwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977 na biashara ya nyara zao mwaka uliofuata. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeuhesabu unyoya kuwa nyara pia. Kanga mwenye shingo ya tai wa nyanda kavu za kaskazini, ambaye kifua chake cha samawati kiliwatia wazimu wafungaji wa nzi wa samoni, si mali ya kuokota. Burundi hali ni nzito zaidi kwa baadhi ya ndege. Umusambi, korongo mwenye taji, ameorodheshwa tangu 2012 kuwa hatarini kutoweka duniani. Katika msitu wa Kibira kuna shorobo wa Rwenzori, ndege anayepatikana katika milima ya ufa wa Albert peke yake. Wekundu wa mabawa ya shorobo hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, kitu alichokigundua mkemia Arthur Church mwaka 1869, na huwezi kuupata kwa kupaka rangi unyoya wa kuku. Uzuri huo ndio hatari yake.

Hatari hiyo ilijulikana dunia nzima kwa sababu ya wizi mmoja. Juni 2009 Edwin Rist, mwanafunzi wa filimbi wa Marekani aliyekuwa akisoma London, aliingia usiku katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaondoka na ngozi 299 za ndege, baadhi zikiwa zimekusanywa na mwanaasili Alfred Russel Wallace katika karne ya 19. Aliziiba ili kuuza manyoya kwa wafungaji wa nzi wa samoni wa mtindo wa kale, watu ambao wengi wao hawawatii nzi hao majini kabisa. Mwaka 2011 alipewa kifungo kilichoahirishwa. Ngozi nyingi zilizorudi zilikuwa zimenyofolewa au zimekatwa vitambulisho, na elimu iliyokuwa ndani yake ikapotea. Trauti hahitaji chochote cha namna hiyo. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon wa Uingereza, alifunga nzi wake maarufu kwa vitu viwili tu: nyuzi za mkia wa fezanti na waya wa shaba. Wafungaji wengi huweka mkia wa bata mzinga mahali pa fezanti na samaki hawalalamiki.

Kwa hiyo mtu anayetafuta manyoya kwa haki aanze uani. Tuchukue Mutanga Nord, katika komine ya Ntahangwa jijini Bujumbura, mtaa wa nyumba zenye nyua na miti, si mbali na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, na chini yake mto unaoendelea kuzila kingo zake kila masika. Kuku wanaoliwa humo ni wa aina mbili, na kwa mfungaji tofauti yao ni kubwa kuliko kwa mpishi. Kuku wa kizungu mweupe wa nyama huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Ni kifaranga aliyenenepa. Manyoya ya shingo ya kijogoo hajayaotesha bado, na hata mtu akikusanya gunia zima hatapata hata dazani ya nzi wa kuelea. Jogoo wa kienyeji aliyepita mwaka, anayenunuliwa kwa ajili ya Noeli, Idi au harusi, ndiye mwenye mali. Ngozi ya shingo na ya mgongo, ambazo jikoni hutupwa pamoja na maji ya kunyonyolea, ndizo zinazouzwa Ulaya zikiwa zimefungwa kwenye mfuko safi.

Maji hayo ya moto ndiyo adui wa kwanza. Jogoo akichovywa na kunyonyolewa, manyoya huvunjika na kuchanganyika, ya shingo na ya bawa, madogo na makubwa. Mtafutaji mwerevu hupatana na mchinjaji au na mama wa nyumba mapema: ngozi ya shingo ichunwe ikiwa kavu, kuanzia nyuma ya upanga wa kichwa hadi mabegani, kabla kuku hajaguswa na maji. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 2013, wauza kuku wametawanyika katika masoko ya mitaa, Ruvumera, Kwa Siyoni na mengine, na mwenye kutaka rangi fulani hana budi kuzunguka. Mwekundu wa kahawia hupatikana kirahisi. Mweusi halisi asiye na kutu ni nadra. Mwenye mistari ya kijivu ni bahati. Kishingo asiye na manyoya shingoni hana la kutoa, na kidimu mwenye manyoya yaliyopinda hafai hata kwa mazoezi.

Bata ana hazina nyingine. Kuzunguka tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia wake huota manyoya machache madogo, mepesi kama moshi, ambayo wafungaji wa safu ya Jura, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walianza kuyatumia miaka ya 1920. Wavuvi duniani kote huyaita kwa Kifaransa, cul de canard, na msomaji wa Bujumbura hahitaji kutafsiriwa. Hayanywi maji kwa sababu ya muundo wake mwembamba unaoshika hewa na mafuta ya ndege mwenyewe. Bata mmoja hutoa kiasi kidogo mno, hivyo bei yake ni nzuri kwa gramu. Anayeyaosha kwa sabuni kali ameharibu alichokuwa akikitafuta.

Ngozi ya jogoo, tofauti na hayo, lazima ioshwe. Mafuta na nyama hukwanguliwa upande wa ndani, chumvi au boraksi hupakwa, kisha ngozi hutandazwa kwenye kadibodi mpaka ikauke, manyoya yakiangalia chini. Baadaye huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni laini, na kukaushwa kivulini. Halafu hufungwa na kuwekwa kwenye friza siku kadhaa, hutolewa, na kurudishwa tena, ili mayai ya nondo na utitiri yasisalimike. Nondo mmoja akibaki ndani ya kabati la mfungaji anaweza kumaliza akiba ya miaka. Rangi huja mwisho: rangi za sufu, maji ya moto yasiyochemka na siki kidogo, kwani unyoya, kama sufu, ni protini na huishika rangi ya asidi vizuri.

Kupeleka mzigo Nairobi, ziliko karakana, ni shughuli nyingine. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, lakini manyoya ni zao la mnyama, na forodha huuliza cheti cha daktari wa mifugo. Januari 2017 mafua ya ndege yalipothibitishwa Uganda, pembezoni mwa Ziwa Victoria, Kenya ilifunga mara moja uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka huko. Mwenye ngozi kumi kwenye boksi bila karatasi angezipoteza zote mpakani.

Mnunuzi naye hupima kabla ya kulipa. Hukunja ngozi taratibu ili manyoya yasimame, huvuta unyoya mmoja bila kuung'oa, huupinda kwenye ndoana anayoijua na kuangalia nyuzi zikifunguka. Zinatakiwa ziwe ndefu mara moja na nusu ya uwazi wa ndoana, zisizidi sana. Zikiwa ndefu mno, jogoo huyo ni wa ndoana kubwa, za samaki wa maji yenye nguvu. Zikiwa fupi na ngumu, ni wa ndoana ndogo namba 14 na 16, ambazo ndizo zinazotakiwa zaidi na ndizo ambazo jogoo wa kienyeji huzitosheleza kwa shida, kwa manyoya machache ya karibu na kisogo. Mengine yanayobaki hugawanywa: ya mabegani kwa nzi wa kuzama, ya mgongoni kwa mikia, ya bawa kwa mabawa ya nzi wa kizamani ambao baadhi ya wavuvi wa Nyeri na Naro Moru hawajaacha kuwaomba.